Maswali na majibu: kitatange kati ya matumbawe hai

Maswali ya vitatange yamelimbikana, kwa hiyo safari hii nayajibu pamoja. Ninaowazungumzia ni wa baharini, familia ya Pomacanthidae, si wale samaki malaika wa maji baridi wanaotoka Amazon.

Nina tangi la lita 450 lenye matumbawe laini na magumu. Yupo kitatange wa kuaminika, asiyeyadonoa?

Tafuta wa jenasi ya Genicanthus. Vitatange wengi huchokora chakula kwenye mwamba, lakini hawa huelea juu yake wakidaka planktoni inayopita na mkondo, na matumbawe huwa hayawashughulishi. Wa kwanza kumtaja kwangu ni Genicanthus melanospilos: dume ana milia myeusi ya wima ubavuni, jike ni wa njano mgongoni na samawati hafifu tumboni. Jike mkubwa hugeuka kuwa dume pale dume anapokosekana, hivyo ukichukua majike wawili wasiolingana ukubwa una nafasi nzuri ya kupata jozi. Walishe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, na ufunike tangi kwa wavu, kwa sababu huruka.

Nilimnunua kitatange mdogo, Centropyge loricula, nikiambiwa hana neno. Mwanzoni alitulia, sasa anadonoa zoanthus (viumbe laini wa jamii ya matumbawe) na baadhi zimefumba kabisa. Nimpunguzie chakula au nimwongeze?

Mwongeze, tena leo. Vitatange wadogo wa jenasi hii hudonoa mwani na uchafu laini juu ya mawe tangu taa zinapowaka hadi zinapozimwa. Tangi changa, lenye mawe ambayo bado hayajaota kitu, haliwezi kumshibisha. Mfungie mwani mkavu kwenye kibanio asubuhi, kisha mpe kamba wadogo waliogandishwa na chakula kilichochanganywa na sifongo.

Wako watakaoacha tabia hiyo wakishiba. Wengine hawaachi. Hata ndani ya spishi moja, huyu ataishi miaka bila kugusa polipu (vile viumbe vidogo vinavyounda tumbawe), na mwenzake atamaliza shamba zima la zoanthus. Ndiyo maana naona muuzaji anayesema "huyu ni salama" bila kuongeza neno lingine anamnyima mnunuzi nusu ya habari, na anayeumia ni samaki na tumbawe.

Kabla ya kumhukumu, mtazame ukiwa umekaa mbali na kioo. Akiwa anaokota ute na uchafu tu, polipu zitafumba kwa kusumbuliwa lakini nyama itabaki nzima. Ukiona imemegwa, hapo tumbawe linaliwa. Pima pia chumvi, alkali na nitrati, kwa kuwa polipu hufumba hata palipo na maji mabaya tu na hakuna samaki yeyote.

Wanaodonolewa zaidi ni matumbawe yenye polipu nene za nyama, kama Trachyphyllia na Acanthastrea, pamoja na zoanthus na nyama laini ya chaza wakubwa wa Tridacna. Matumbawe magumu ya Acropora na Montipora huguswa mara chache zaidi. Matumbawe laini kama Sinularia na Sarcophyton yana kemikali zinazowachukiza walaji wengi. Kwa hiyo, kama zoanthus ndizo ulizozijengea tangi hilo, mhamishe samaki. Kama unampenda samaki zaidi, badilisha matumbawe. Yote mawili ni uamuzi wa haki; kungoja tu huku polipu zikiisha si uamuzi.

Nimeona mtoto wa Pomacanthus imperator, mdogo, wa buluu iliyokolea na duara nyeupe. Atafaa tangi la lita 300?

Hapana. Hukua hadi sentimita 40, duara hizo hupotea na kuacha mistari ya njano na buluu, na chakula chake cha asili ni sifongo na viumbe wengine waliojishikiza mwambani. Kumnunua kwa sababu leo ni mdogo ni kumwandalia kifungo.

Naweza kuweka Centropyge wawili?

Katika tangi dogo, mmoja tu, naye aingie mwisho, baada ya samaki wapole kuzoea. Ukitaka jozi, wawe wa spishi moja, mmoja mkubwa wazi kuliko mwingine, waingie siku moja, na mawe yawe na mapango ya kutosha. Wanaolingana watapigana.

Kitatange wangu ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Niweke dawa ya shaba?

Usiiweke kamwe kwenye tangi la matumbawe. Shaba inayoua kimelea cha Cryptocaryon irritans huua pia matumbawe, kamba na konokono, na mawe huinyonya. Hamishia samaki wote kwenye tangi la matibabu lisilo na mawe wala mchanga, tibu huko ukipima kiwango cha shaba kila siku, na liache tangi kuu bila samaki hata mmoja. Wafugaji wengi hushika siku 76 ili kimelea kikose pa kujishikiza. Na kila samaki mpya apitie karantini ya wiki nne hadi sita kabla ya kuyaona matumbawe yako.

Unapomhamisha usitumie wavu. Kitatange ana mwiba kwenye pembe ya chini ya kifuniko cha matamvua, nao hunasa kwenye nyuzi na kumjeruhi akihangaika. Msukume taratibu aingie kwenye chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, umtoe akiwa ndani ya maji.