Ufunguo wa gari kuukuu ukikataa kuzunguka, usikimbilie kukata waya

Ndugu yangu, umesema Corolla yako ya AE100 ufunguo mara unakwama, mara unazunguka vizuri lakini stata, ile mota inayoanzisha injini, haiitiki, na fundi hapo Malindi amekwambia dawa ni kukata waya akutilie kitufe cha kubonyeza. Usikubali. Kitufe kitawasha injini, sawa, lakini kufuli la stelingi kitaliacha palepale. Kile kijiti cha chuma kinachofunga stelingi kinazuiwa na ufunguo wenyewe. Ufunguo ukiwa hauna kazi tena, au kufuli likiwa limevunjwa nusu, kijiti kinaweza kushuka ukiwa unakata kona.

Mimi gari la aina hiyo nimeliendesha miaka mingi, katika safari za Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, na kitasa chake cha kuwashia nimekifungua kwa mikono yangu. Kwanza jua kwamba hapo pana vitu viwili, na mafundi wengi huviuza kama kimoja. Mbele kuna silinda unayotia ufunguo. Nyuma yake kuna suichi ya umeme, kidude cha plastiki chenye soketi ya waya nene. Wewe unavyoeleza, huenda vyote viwili vimechoka.

Tuanze na kukwama. Ukiwa umeegesha na tairi zimebana ukingo wa barabara, stelingi huegemea kile kijiti. Itikise kushoto na kulia polepole huku unazungusha ufunguo. Ikifunguka, kitasa hakina ugonjwa. Ikikataa, tazama ufunguo. Meno yakiwa yamelika yakawa mviringo, usipeleke huo uchongewe mwingine, maana utachongewa ubovu uleule. Tafuta ufunguo wa akiba ambao haujatumika sana, au namba ya ufunguo kama bado unayo, achonge kwa hiyo. Fundi wa funguo anayejua kazi atakuuliza logibuku kwanza. Asiyeuliza, mimi humwacha.

Huku kwetu hewa ya bahari na mchanga haviachi kitu. Watu hutia mafuta ya injini au grisi kwenye tundu la ufunguo: siku mbili laini, kisha mchanga unanata na inakuwa simiti. Puliza dawa ya kusafishia suichi za umeme, ile inayokauka yenyewe, kisha tia unga wa penseli, ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa, ufute weusi unaotoka.

Ikibidi kuitoa silinda, toa kwanza taminali ya hasi ya betri kwa spana namba kumi. Si mapambo hayo: waya nene pale nyuma inatoka moja kwa moja upande wa betri. Kama stelingi imeandikwa SRS, subiri si chini ya sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, mfuko wa hewa usije ukakupasukia usoni. Fungua kava za plastiki, zungusha ufunguo hadi ACC (hatua ya kwanza baada ya LOCK, kabla ya ON), tafuta kitobo kidogo kwenye nyumba ya kitasa, sukuma pini iliyo ndani kwa msumari mwembamba uliotiwa butu, na silinda itatoka kwa ufunguo wake. Usiuchomoe ufunguo ukiishika silinda mkononi. Ndani kuna visahani vyembamba vya shaba na springi ndogo kama nywele. Vikiruka vikaangukia mchangani, umekwisha. Zile boliti kubwa zisizo na kichwa zinazoshika nyumba yenyewe usiziguse. Fundi akija na tindo, mrudishe kwake.

Sasa stata isiyoitika. Kama gari ni otomatiki, hakikisha gia iko P, taminali za betri ni safi na zimekazwa. Kisha washa hadi ON utikise ufunguo kidogo: taa za dashibodi zikipepesa au redio ikizima, suichi imeungua ndani. Hiyo hufungwa kwa skrubu ndogo, nyuma, na hubadilishwa peke yake bila kugusa silinda. Nunua inayofanana soketi na idadi ya pini.

Hii ya pili ndiyo inayonitisha zaidi. Suichi ikiachia barabarani injini inazima, stelingi inakuwa nzito na breki zinagoma mguuni. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliita zaidi ya magari milioni 2 yarudi kutengenezwa kwa sababu ya suichi iliyokuwa ikirudi ACC yenyewe. Injini zilizima, mifuko ya hewa haikufunguka, na watu walikufa. Basi punguza pia ule mzigo wa funguo za duka na nyumba unaoning'inia pale.

Ukisharudisha kila kitu, jaribu gari likiwa limesimama: ufunguo utoke kwenye LOCK tu, stelingi iwe huru ON, na ukiwasha ufunguo urudi wenyewe kutoka START. Usiporudi, zima mara moja, maana stata itabaki imeshika na kuungua.

Ukiweka silinda ya gari jingine, milango itabaki na ufunguo wako wa zamani, hivyo utatembea na funguo mbili. Fundi mzuri anaweza kupanga visahani upya vifuate ule wa zamani. Piga picha ya soketi ya suichi uiweke hapa kabla hujanunua, tuifananishe.