Bonanza la kansa ya watoto: hela ziende wapi?

SWALI: Dada shikamoo. Sisi ni vijana tunaocheza mpira kila wikendi, tumepanga bonanza la timu nane na kiingilio chote kiende kwenye utafiti wa kansa ya watoto. Sasa tumegawanyika, kuna wanaosema utafiti ni mambo ya maabara hela zitapotelea huko bora tuwape watoto waliolazwa, alafu wengine wanataka mshindi apewe hela ili timu zije. Tushike lipi? – Nahodha

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana. Waambie wenzako hela ya utafiti haipotei. Miaka ya 1940 mtoto akikutwa na leukemia, yaani kansa ya damu, ilikuwa ni kusubiri kifo tu, mpaka daktari Sidney Farber wa Boston alipoanza kujaribu dawa mwaka 1947 na baadhi ya watoto wakapata nafuu, ya muda mfupi lakini haikuwahi kuonekana kabla. Mwaka 1948 wachezaji wa besiboli wa Boston Braves wakaingia chumbani kwa mtoto mmoja aliyelazwa, redio ikirusha laivu, watu wakachanga zaidi ya dola 200,000 na mfuko wa Jimmy Fund, wa kuchangia utafiti na matibabu ya kansa, ukaanzia hapo. Leo kwenye nchi tajiri watoto kama 9 kati ya 10 wenye ile leukemia inayowapata watoto zaidi wanapona.

Ila hoja ya wenzako ina uzito, maana nchi nyingi zenye kipato kidogo hawafiki hata 3 kati ya 10 wanaopona kansa za utotoni, ugonjwa unagundulika umechelewa, dawa zinakatika, familia zinaacha matibabu njiani. Sasa hayo nayo yanatafitiwa, sio kila utafiti ni wa maabara! Na kansa za watoto nyingi sio zile za watu wazima kwahiyo huwezi kutegemea tu utafiti wa wakubwa, alafu kuna dawa zinazoponya lakini zinaweza kuumiza moyo wa mtoto miaka mingi baadae, hapo bado kazi ipo.

Mimi ningebaki na utafiti. Wanaotaka kusaidia waliolazwa wawekewe boksi lao, liandikwe kabisa, msichanganye. Chagueni taasisi itakayopokea kabla hamjauza tiketi hata moja, muulizeni mapema hela itafanya nini, na risiti wekeni hadharani.

Zawadi ya hela kutoka kwenye kiingilio hapana, mtu amelipa akijua anachangia watoto. Kikombe na medali vinatosha, na hivyo pamoja na uwanja, marefa na huduma ya kwanza tafutieni wadhamini.

Na tafadhali msiwalete watoto walio kwenye matibabu uwanjani ili mpige nao picha, kinga yao ya mwili inakuwa imeshuka na umati ule ni hatari kwao. Kama familia imependa kutuma ujumbe usomwe kabla ya fainali, hiyo sawa kabisa.