Unaenda Svalbard kwa utafiti? Angalia viza kabla ya koti

Juzi kuna dada kaniandikia, kapata nafasi ya kwenda Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti kule Svalbard, visiwa vilivyo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, wiki sita kuchukua sampuli za theluji, anauliza anunue koti gani. Nilifurahi mno, ila nikamjibu kwa swali: mdogo wangu, viza yako inakuruhusu kuingia mara ngapi? Akaenda kuangalia. Mara moja.

Moyo ulinilipuka, maana hilo ndilo lililoniponza mimi. Svalbard iko chini ya Norway lakini haimo kwenye Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na yenyewe haidai viza, sasa watu wakisikia hivyo wanajua mambo ni mteremko. Kumbe njia inapita Norway bara, na ukishapanda ndege ya Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, ushatoka Schengen, kurudi unahesabiwa unaingia upya. Mwaka ule nilifika mpaka Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway bara, niko foleni na wenzangu, masanduku ya chupa za sampuli yameshapakiwa, ofisa akafungua pasi akaitazama weee, akasema kwenda utaenda ila kurudi hutaruhusiwa kuingia. Wenzangu wote pasi zao hazihitaji viza kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwaza jambo hilo, na kiongozi wetu akasema tu, kila mtu na karatasi zake. Wakaondoka. Miezi minane ya maandalizi, nikabaki nimekaa pale uwanjani na begi mapajani. Neno lile linaniuma mpaka leo, sitaki kudanganya.

Mwaka uliofuata nilienda, viza ya kuingia mara nyingi mkononi. Longyearbyen mpaka Ny-Ålesund ni kindege kidogo cha pangaboi, kama dakika 25 hivi, na hali ya hewa ikikataa hakiruki, sisi tulisubiri siku mbili. Wekeni siku za akiba jamani.

Ukitua tu unazima waifai na bluetooth kwenye kila kitu, simu, laptopu, mpaka saa ya mkononi. Pale kuna antena kubwa zinasikiliza mawimbi hafifu sana yanayotoka mbali angani, ndiyo wanapimia jinsi dunia inavyozunguka, sasa kasimu kako kanaziharibia. Mwenzetu mmoja alikuja na vipimajoto vinavyotuma data kwa bluetooth, vikalala sandukuni safari nzima. Beba vya waya.

Pale ni karibu nyuzi 79 kaskazini, na kuanzia katikati ya Aprili jua halizami, utalala umejifunika kitambaa machoni. Baridi inakula betri kuliko unavyodhani, za kwangu nilizivaa ndani ya fulana ya sufu zikagusa tumbo kabisa, nazitoa dakika ya kupima tu narudisha. Kalamu ya wino iligoma siku ya kwanza, daftari langu lote ni penseli, na hesabu zote zinasomeka mpaka leo.

Halafu dubu. Nje ya kijiji hutoki bila bunduki na fataki za kumtishia, na unafundishwa kulenga kwanza. Wenzako wakichimba theluji mmoja wenu anasimama kuangalia tu, hiyo ndiyo kazi yake. Milango ya nyumba haifungwi kwa ufunguo, ukikutana naye kijijini unakimbilia nyumba yoyote ile. Siku nilipokabidhiwa zamu ya ulinzi, saa nne nzima macho yangu pwani, watu watano migongo wameniachia mimi, niliona nimefika.

Kwa hiyo ndugu zangu wanasayansi, uliza mapema, uliza mara mbili, usione aibu. Na ninyi viongozi wa safari, fungueni pasi ya kila mtu mezani kabla hamjanunua tiketi, mwenye viza ngumu ndiye wa kuanza naye, timu haiendi nusu.

Dada keshaomba upya, safari hii barua ya mwaliko imetaja wazi kwamba anapita Norway kwenda na kurudi. La koti tutaongea viza ikitoka.