Zile bati za Tabata ni saksafoni kweli

Dogo nimeisikiliza voisi yako mara mbili, ya kwanza nikacheka ya pili nikakasirika, bora nikujibu kwa maandishi maana kwa simu ningekutukana bure. Eti pale Tabata bado wanasema kaka alikua anapiga jazz kwenye klabu Chicago na zile bati za nyumba ya mama ni hela ya saksafoni, kwa hio na wewe unataka uache bendi nikufanyie mpango uje. Nani kakwambia, mama mdogo? Haya kaa chini.

Klabu ilikuwepo kweli. Mtaa wa South Indiana namba 2128 na nusu. Ndio, nusu. Siku ya kwanza niliupita ule mlango mara mbili, natafuta klabu ya jazz ya Marekani yenye mataa na walinzi, kumbe kamlango tu, na baridi lile siwezi kukueleza wewe unaelala na feni ukaelewa. Ilikua inaitwa Velvet Lounge, mwenyewe Fred Anderson, mpiga teno, ile saksafoni kubwa kama yangu. Ndani ni kama vibaa vyetu vya mtaani, viti vya kuhesabu, watu wanajuana, na kaunta kuna mzee wa miaka sabini na kitu anatoa bia. Nikampa hela akanirudishia chenji. Baadae yule mzee wa chenji akatoka kaunta, akavaa teno shingoni, akainama mpaka mgongo umelala kama mtu anaetafuta shilingi iliyodondoka, akapuliza. Dogo, mi nlikua nimetoka kazini sijala, nikasahau njaa.

Afu nikaja kujua historia yake. Ni mmoja wa waanzilishi wa AACM, ile jumuiya ya wanamuziki weusi ya Chicago ya mwaka 1965, kaenda kupiga mpaka Ulaya, ana rekodi za kutosha, na miaka mingi kabla hajaichukua ile baa 1982 alikua analisha familia kwa kutandika mazulia kwenye nyumba za watu. Mazulia! Sasa mtu mwenye mapafu yale katandika mazulia, akazeeka anauza bia ili apate pa kupigia yeye na vijana, we ulidhani mimi wa Tabata ndo ntakula kwa kupuliza?

Jumapili kulikua na jamu, mwenye chombo anapanda. Nikapanda mara moja. Sikia, sisi kwetu jazz ni jina la bendi, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz, muziki wenyewe dansi. Kwa hio nikapuliza kale kakipande ka kwenye chemko, pale dansi linapochanganya, tunakojibizana na tarumbeta, nikasubiri nijibiwe, tarumbeta hayupo, mpiga dramu anapita njia anazozijua mwenyewe, nikarudia kale kale mara nne kama mnadi wa sokoni. Nikashuka. Wakapiga makofi ya heshima. Mzee alikua kaunta, sijui hata kama alinisikia. Ile picha mama aliyoiwekea fremu ndo ya siku hio, na "kaka anapiga Chicago" yote ni dakika zile nne.

Kazi yenyewe nlikua nadeki maofisi usiku. Vyoo. Msimamizi anapita nyuma yako na tochi anamulika ndani ya bakuli, akiona kamstari anakuita kwa kidole hasemi neno, we na miaka yako thelathini unapiga magoti unasugua upya huku kasimama. Tulikua watano chumba kimoja, nikitoa kodi inabaki nauli na mkate. Na Dar simu haziishi, masika inakuja, bati zimeoza, mama anakinga maji kwa masufuria, we si uko Marekani jamani. Sikuweza kusema sina. Nikaichukua teno nikapeleka duka la rehani, jamaa hata hakuipuliza, akaangalia tu kama imepinda, akanipa dola 350. Kuikomboa kulikua na tarehe, tarehe ikapita.

Nikaongezea na za kukopa nikatuma. Mama akapiga analia, mwanangu, saksafoni imekulipa! Nikamjibu ndio mama, imelipa. Yeye ameshatangulia, ndo maana leo nakwambia wewe, ningekua nae hai ningekufa nalo. Kwa hio mama mdogo hakosei, zile bati ni saksafoni.

Pale klabu sikurudi tena, naanzaje kuingia mikono mitupu. 2006 ile sehemu ya zamani ikafa, mtaa unageuzwa wa magorofa ya wenye nazo, wanamuziki na wapenzi wake wakachangishana akahamia jirani pale Cermak Road. Nlikua napita na basi naangalia dirishani. Juni 2010 mzee akafariki, klabu nayo haikukaa. Afu Desemba ya mwaka huo huo Dokta Remmy Ongala nae, mwanamuziki wetu wa dansi, huko kwetu. Nikawa nalia nadeki, nadeki nalia, sijui namlilia nani. Ila Sinza kwa Remmy makonda mpaka leo wanaita kituo, si ndio? South Indiana hakuna konda wa kuita kwa Fred.

Sasa wewe usije. Una bendi, una watu wanakujua jina, mshahara wa mawazo sawa, lakini jukwaani unajibiwa. Ila grinikadi ikitoka usiniletee ujinga wa kuiacha, nani anaiacha, panda ndege. Na ukija njoo na saksafoni. Hapana, iache kwa shangazi uifungie kabatini, ukija nayo utaiuza, mi nakujua, huwezi kusikia bati linavuja ukalala. Na nyie wengine mnaosoma hii, voisi ya ada ya shule nimeipata, mwisho wa mwezi, msinipigie saa tisa usiku.

Ridi, vile vijiti vya mdomo wa saksafoni, ntakutumia boksi zima na mtu anakuja mwezi ujao. Niambie namba, mbili na nusu au tatu, usinijibu "yoyote tu".