Maswali Yenu: Huyu Lennart Meri wa Estonia alikuwa nani haswa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mdogo wangu kapita Tallinn, mji mkuu wa Estonia, akaniambia uwanja wa ndege wa pale unaitwa Lennart Meri. Nikimtafuta naona mara mwandishi, mara mtengeneza filamu, mara rais. Sasa alikuwa nani, na alifikaje ikulu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Alikuwa vyote hivyo, na ukitaka kumwelewa usianzie ikulu, anzia utotoni.

Meri kazaliwa Tallinn 29 Machi 1929, baba yake Georg alikuwa mwanadiplomasia, kwa hiyo utoto wake ni kuhamahama tu, Berlin, Paris, kasoma shule 9 kwa lugha 4. Halafu 1940 Wasovieti wakaichukua Estonia, na tarehe 14 Juni 1941 wakakusanya watu kama 10,000 nchi nzima, wanawake, watoto, wazee, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo wakawapeleka mbali huko ndani ya Urusi. Baba akatenganishwa na familia. Lennart alikuwa na miaka 12, na kule akawa anakata magogo na kumenya viazi ili yeye na mama yake na mdogo wake wapate kula. Bahati yao walirudi wakiwa hai, baba naye akarudi, na huyo baba ndo baadaye akawa mfasiri mkubwa wa Shakespeare kwa Kiestonia.

Kijana akasoma historia Chuo Kikuu cha Tartu, akamaliza 1953 kwa alama za juu, lakini kazi ya historia akanyimwa kwa sababu za kisiasa. Akaenda kwenye tamthilia, akaenda redioni, halafu akaanza safari za kwenda kwenye pembe za mbali kabisa za Umoja wa Kisovieti, anaandika vitabu vya safari na watu wanavigombania. Hapa ndo pananigusa sana mimi. Kule aliwatafuta Wakhanti, Wakomi, Wamari, makabila madogo ambayo lugha zao ni ndugu wa mbali wa Kiestonia, akawapiga picha za filamu wakiwa na ngoma zao na matambiko yao kabla hayajapotea. Filamu yake moja ya 1977 ilipata medali ya fedha New York huku kwao Wasovieti wameipiga marufuku. Yani mtu kanyimwa kuandika historia ya taifa lake akaamua kuizungukia kwa mlango mwingine, na Waestonia waliokuwa wanamsoma walielewa kabisa anawaambia nini: sisi tupo, na tulikuwepo kabla ya hawa.

Kwa hiyo 1990 alipoitwa kuwa waziri wa mambo ya nje hakuwa mgeni kwa watu. Ila fikiria hiyo wizara! Nchi yenyewe dunia haijaitambua bado, wafanyakazi hakuna, akakusanya vijana wenye lugha wakaanza nao. Estonia ikatangaza uhuru 20 Agosti 1991, na siku sita baadaye Meri yuko Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, na wenzake wa Latvia na Lithuania wanatia saini uhusiano wa kibalozi, Iceland ikawa ndo ya kwanza kufungua mlango, wengine wakafuata.

SWALI: Nimesikia kuwa mwaka 1992 Meri alishindwa kwa kura za wananchi lakini akawa rais. Huo si wizi? Na ni kweli aliwahi kuita waandishi wa habari chooni?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Wizi hapana. Raundi ya kwanza, Septemba 1992, Arnold Rüütel aliyekuwa mkuu wa bunge la zamani aliongoza kweli, Meri akawa wa pili, lakini hakuna aliyefika nusu ya kura na sheria yao ilisema ikiwa hivyo wabunge ndo wanaamua kati ya wawili wa juu. Wakapiga kura, Meri 59, Rüütel 31. Rüütel alikubali akaendelea na siasa, na 2001 Meri alipomaliza vipindi vyake viwili ni huyohuyo Rüütel aliyempokea kiti. Mimi naliheshimu sana hilo, kwa pande zote mbili.

La choo ni kweli. Mwaka 1997 anatoka Japani, kashuka Tallinn, waandishi wanasubiri waulize ya safari, yeye akawapeleka moja kwa moja kwenye vyoo vya wanaume vya uwanja wa ndege akafanyia mkutano humohumo ili kila mtu aone vilivyochakaa tangu enzi za Wasovieti.

Lakini msimkumbuke kwa hilo peke yake. Februari 1994 alihutubia Hamburg, Ujerumani, kwa Kijerumani, akaonya kwamba Urusi inaanza tena kujipa haki juu ya majirani zake, na mle ukumbini alikuwepo kiongozi mmoja wa jiji la St Petersburg anaitwa Vladimir Putin, akainuka akatoka. Nchi za Magharibi wakati huo hazikutaka kusikia maneno hayo. Miezi mitano baadaye Meri huyohuyo akaenda Moscow, akakaa na Rais Yeltsin wa Urusi, tarehe 26 Julai wakatia saini makubaliano ya kuliondoa jeshi la Urusi lililokuwa bado Estonia, na mwisho wa Agosti likaondoka. Nyumbani wapo waliomlaumu kwa sababu makubaliano yaliwaachia wanajeshi wastaafu wa Kirusi haki ya kubaki, mi naona kwa nchi ya watu milioni moja na nusu isingewezekana kupata zaidi ya pale.

SWALI: Mwanangu anasoma Tartu. Kuna kitu cha Meri anaweza kukiona, au kaburi tu?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, kaburi liko Tallinn, makaburi ya Metsakalmistu, alifariki 14 Machi 2006. Ila mwambie aende Makumbusho ya Taifa pale Raadi, yapo Tartu hapohapo, kuna maonyesho ya kudumu ya makabila yaleyale aliyokuwa anayafuata Meri na kamera yake, nguo, nyumba, zana, lugha zao. Na jengo lenyewe limejengwa mwishoni mwa njia ya ndege ya kambi ya zamani ya jeshi la Kisovieti, aende asubuhi maana ni kubwa, saa moja haitoshi.