Kuzima monita moja kati ya mbili kwa komandi, nyingine ibaki inawaka

Swali: Fundi habari za kazi. Natumia desktopu yenye Linux Mint na monita mbili, kubwa imeunganishwa kwa DisplayPort na ndogo kwa HDMI, iko kulia kwangu. Usiku nikiwa naandika sitaki ile ndogo iwake maana mwanga wake unampiga mtoto aliyelala nyuma yangu, na kitufe chake cha kuzimia kimedidimia ndani hakibonyezeki tena. Kila siku nachomoa waya nyuma ya meza naona mwisho ntaharibu tundu. Kuna komandi ya kuzima hiyo moja tu? Nilijaribu xset dpms force off zikazimika zote mbili, na nikigusa mausi zinarudi zote.

Jibu: Salama dada, pole na huyo mtoto, na kuchomoa waya achana nako kuanzia leo. Komandi ipo na Mint inakuja nayo tayari, hudownload kitu.

Hiyo xset haina kosa ila sio ya kazi hii. Inalaza skrini zote kwa mpigo, haina namna ya kuambiwa laza hii acha ile, na kiumbe chochote kikigusa mausi au kibodi inaziamsha zote. Unayoitaka ni xrandr. Fungua terminali andika xrandr peke yake, bonyeza enta, utapata mistari mingi ya vipimo lakini we tafuta yenye neno connected tu, itafanana na hii:

DP-1 connected primary 1920x1080+0+0
HDMI-1 connected 1920x1080+1920+0

Hapo mwanzo wa mstari ndo jina la monita kama kompyuta inavyolijua, na hiyo +1920+0 inakwambia monita ya pili inaanzia pikseli ya 1920, yaani pale ya kwanza inapoishia, kulia kwake. Majina yako yanaweza yasiwe haya, mwenye draiva ya NVIDIA huwa anaona HDMI-0 na DP-0, mwenye AMD anaweza kuona HDMI-A-0, so usikopi langu, kopi lako hivohivo na herufi zake kubwa.

Sasa kabla ya kuzima moja kwa moja nakuomba ujaribu hivi kwanza:

xrandr --output HDMI-1 --off; sleep 15; xrandr --output HDMI-1 --auto --right-of DP-1

Hii inaizima, inasubiri sekunde 15, inaiwasha tena yenyewe. Nasisitiza hii kwa sababu mtu akikosea jina akazima monita anayoitazama anabaki anaandika gizani, ila kwa namna hii hata ukikosea unatulia tu, mpaka umalize kushtuka imesharudi. Na hiyo nukta mkato (;) usiibadilishe kuwa &&, maana && ikikuta komandi ya kwanza imegoma inaishia hapohapo, nukta mkato inaendelea vyovyote iwavyo.

Ikizimika utaona maandishi ya kwamba hakuna signo kwa sekunde chache alafu skrini inakuwa nyeusi kabisa na kile kitaa kidogo cha chini kwenye monita nyingi kinabadilika rangi au kinaanza kupepesa. Madirisha yaliyokuwa huko yanahamia kwenye monita kubwa, na mausi haiwezi tena kupotelea upande ule. Ukiiwasha tena mengine hayatarudi yalipokuwa, utayavuta mwenyewe. Ile --right-of usiisahau wakati wa kuwasha, ukiandika --auto peke yake monita inaweza kurudi juu ya nyingine, zote mbili zinaonyesha kitu kimoja, alafu mtu anaanza kuhangaika akidhani kadi ya picha imekufa.

Kuna watu watakwambia weka tu --brightness 0. Usifanye. Hiyo inapaka picha weusi basi, taa ya nyuma ya kioo inaendelea kuwaka vilevile, LUKU inaendelea kuliwa, na chumba kikiwa na giza utaona kioo bado kina mng'ao wa kijivu, mng'ao huohuo unaomkera mtoto.

Njia nyingine ni ddcutil, yenyewe inaongea na monita kupitia waya uleule na kuiambia ijizime kama vile umebonyeza kitufe, komandi yake ni ddcutil --display 2 setvcp d6 5. Ni nzuri kwa anayetaka madirisha yabaki palepale. Lakini kwako wewe nakataa, kwa sababu kuna monita zikizimwa hivyo hazisikii tena komandi ya kuziamsha mpaka ubonyeze kitufe, na kitufe ndo hicho huna.

Ukishaona jaribio limekubali tengeneza skripti ndogo ya kuzima na kuwasha kwa kitu kimoja. Fungua faili liite monita.sh, weka haya:

#!/bin/bash
if xrandr --listactivemonitors | grep -q HDMI-1; then
  xrandr --output HDMI-1 --off
else
  xrandr --output HDMI-1 --auto --right-of DP-1
fi

Sevu, alafu kwenye terminali andika chmod +x monita.sh ili faili liruhusiwe kuendeshwa. Skripti inauliza kwanza kama monita inatumika, kama inatumika inaizima, kama haitumiki inaiwasha. Kisha nenda kwenye setingi za kibodi, sehemu ya shotikati, ongeza yako mwenyewe, elekeza kwenye hilo faili na uchague vitufe ambavyo havina kazi nyingine, mimi natumia Super (kile chenye alama ya Windows) na F9. Kidole kimoja kinachukua nafasi ya kile kitufe kilichodidimia.

Na kama mtoto ana saa yake ya kulala, tuseme saa tatu usiku, tumia cron, yaani ratiba ya Linux ya kuendesha komandi kwa saa, kwenye terminali andika crontab -e uongeze mstari huu:

0 21 * * * DISPLAY=:0 xrandr --output HDMI-1 --off

Ni 21 sio 3, cron inahesabu kuanzia usiku wa manane. Hiyo DISPLAY=:0 lazima iwepo, bila hiyo komandi haijui skrini ipo wapi na itakujibu Can't open display, na ni vilevile ukiingia kwa SSH kutoka laptopu nyingine.

Haya yote yanafanya kazi kwa sababu Mint ya Cinnamon kwa kawaida inatumia X11, mfumo wa zamani wa kuchora picha kwenye skrini, mpya unaitwa Wayland. Ukihamia sistimu nyingine andika kwanza echo $XDG_SESSION_TYPE, ikijibu wayland basi xrandr haitakuzimia kitu, kama mwonekano wa desktopu yako ni KDE tumia kscreen-doctor output.HDMI-A-1.disable na kama ni Sway tumia swaymsg output HDMI-A-1 disable.

Kitu cha mwisho, xrandr haiandiki chochote kwenye setingi. Ukirestati kompyuta monita zote mbili zinarudi kama ulivyozipanga, so ikitokea umevuruga kabisa na huoni kitu, restati, utazikuta.