Njia ya kwenda Monduli kwa kijana wa Kanda ya Ziwa

Tangu nilipostaafu jeshini na kurudi kuishi Nyegezi, jijini Mwanza, swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wa hapa, na zaidi na wazazi wao, ni hili: fomu za kwenda Monduli, kusomea uafisa wa jeshi, zinapatikana wapi? Jibu langu huwavunja moyo kidogo. Kwa kawaida mtu huomba kwanza kujiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania pale linapotangaza nafasi, hupita kwenye usaili, hufunzwa ukuruta, yaani mafunzo ya mwanzo ya askari, kisha wale wanaoonekana kufaa ndio huchaguliwa kwenda chuo cha kijeshi kilichopo Monduli, mkoani Arusha, wakiitwa maafisa wanafunzi. Anayehitimu hutunukiwa kamisheni, yaani hati ya uafisa, na Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na huanza kazi akiwa luteni usu. Kwa hiyo anayeutaka uafisa hujiandaa kwa miaka, wala si katika wiki ile tangazo linapotoka, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo hufanyika akiwa bado nyumbani.

Pale Monduli kuna kozi ya kawaida ya takriban mwaka mmoja, na kuna Shahada ya Sayansi ya Kijeshi ya miaka mitatu, inayotolewa kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Wapo pia wanaopelekwa kwenye vyuo vya nchi rafiki, lakini hilo huamuliwa na jeshi lenyewe, usilipangie. Linalobaki mikononi mwa kijana ni kuamua aombe akiwa na elimu gani, na hapo lazima apige hesabu ya umri. Matangazo ya karibuni yameweka ukomo wa miaka 24 kwa wenye elimu ya sekondari na miaka 27 kwa wenye shahada. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 20 ana nafasi ya kusoma shahada ya miaka mitatu na bado akabakiwa na muda wa kujaribu zaidi ya mara moja. Anayesomea udaktari, miaka mitano pamoja na mwaka wa mazoezi ya kazi, hufika karibu kabisa na ukingo. Kila tangazo lina masharti yake, basi soma lile lililo mbele yako, si la mwaka juzi linalozunguka kwenye simu.

Mpwa wangu mmoja aliniuliza, "Mjomba, nikiwa na digrii si nitapewa nyota ya uafisa moja kwa moja?" Nilimwambia shahada haimpi mtu nyota, humwezesha tu kufikiriwa. Ushauri wangu kwake ndio ninaoutoa kwa wote. Kama unachokipenda ni utabibu au uhandisi, maliza masomo yako kwanza, kwa kuwa jeshi lina hospitali na karakana zinazohitaji wataalamu. Kama kinachokuvuta ni kuongoza askari, kulala nao porini na kuwajibika kwa makosa yao, jaribu mapema, mwili ukiwa bado mwepesi. Na kama kinachokuvuta ni gwanda na mshahara, nafasi za kazi za kiraia zipo, na hazimwamshi mtu usiku wa manane.

Jeshi la Kujenga Taifa halikwepeki, kwani matangazo huwataka waombaji wawe wamehitimu mafunzo yake na wawe na cheti. Mimi nilipitia huko kabla mafunzo ya mujibu wa sheria, yaani ya lazima, hayajasitishwa mwaka 1994. Yalirejeshwa mwaka 2013, na wahitimu wa kidato cha sita hupangiwa makambi, wengine wa huku kwetu wakipelekwa Rwamkoma mkoani Mara. Wazazi wengine humficha mtoto asiende, wakidhani anapoteza muda kabla ya chuo. Mtoto huyo huyo akija kuutaka uafisa baadaye, hukuta mlango umefungwa kwa kukosa karatasi moja.

Karatasi zenyewe zinastahili uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Huku Usukumani mtoto anaweza kuitwa Masanja nyumbani, Emmanuel kanisani, na shuleni mwalimu akaandika jina la babu kwa herufi alizozisikia yeye. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani na kitambulisho cha taifa visipolingana, utatumia miezi kueleza kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Jambo hili hurekebishwa kwa urahisi kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Baada ya hapo ni safari za kwa wakili na ofisi baada ya ofisi.

Afya nayo ina sura yake ya hapa ziwani. Kichocho cha tumbo kimeenea katika mwambao wa Ziwa Victoria, na aliyekua akioga, akifua au akivua dagaa anaweza kuwa nacho kwa miaka akijiona mzima, huku ini na wengu vikiumia polepole. Pima choo na mkojo mapema, umeze dawa kwa kipimo cha uzito wako, kisha usirudi kuoga ziwani, kwa sababu dawa hiyo haizuii maambukizi mapya. Pima na macho, masikio na meno. Kuhusu mbio, vijana wa Mabatini na Igogo, mitaa ya hapa Mwanza iliyo vilimani, ambao hupanda mawe kila siku kufika kwao, wana mapafu mazuri. Wanachokosa ni mazoezi ya kukimbia masafa marefu kwenye tambarare, tena wakiwa wamevaa buti.

Fikiri pia kuhusu unachokiacha. Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa inamwachia haki ya kupiga kura. Rais mstaafu Jakaya Kikwete, aliyefunzwa na kufundisha Monduli, aliacha jeshi mwaka 1992 akiwa luteni kanali, mfumo wa vyama vingi ulipoanza, akabaki katika siasa. Mwenye ndoto za udiwani aamue mapema.

Anayekuomba fedha ili "akuunganishe" na mkubwa fulani ni tapeli, na jeshi limelionya hilo mara nyingi. Barua ya maombi mara nyingi hutakiwa iandikwe kwa mkono: iandike wewe mwenyewe, usimpe dada mwenye mwandiko mzuri, na uweke namba ya simu ambayo una hakika utakuwa nayo miezi kadhaa baadaye, maana wanaoitwa kwenye usaili hawasubiri mtu arudishe laini iliyopotea.